Flashi ndogo ya safari na sherehe: tazama shingo kabla ya namba

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi:

"Shikamoo kaka. Napiga picha za sherehe, sendoff, kitchen party na harusi ndogo ndogo, na mara mojamoja nawasindikiza wageni Lushoto, Pangani na Mapango ya Amboni nikiwapiga picha za safari. Kamera yangu ni Canon 250D, lenzi ile ya 18-55 iliyokuja nayo na nyingine ya 50 mm f/1.8. Mwezi uliopita nilinunua flashi ya bei nafuu. Nikifika ukumbini nikaichomeka, haiwaki. Nikibonyeza kitufe chake cha majaribio inawaka vizuri tu. Dukani wamenishauri nichukue kubwa, eti ndogo haina nguvu ya ukumbi. Mimi nataka ndogo, nisafiri nayo bila kubeba mzigo. Je, ni kweli ndogo haifai? Na ninunue moja nzuri au mbili za bei chee?"

Marahaba, mdogo wangu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini nadhani hawakuwahi kuuziwa jembe lisilo na mpini. Tuanze na hiyo iliyokugomea, maana usipojua kwa nini imegoma, utanunua nyingine nayo itagoma vilevile.

Inawezekana kabisa flashi yako ni nzima. Inamisha kamera uitazame hotishu, ile reli ya chuma ya juu inayopokea flashi. Kwenye kamera nyingi utaona kidoti kikubwa katikati na vidoti vidogo kadhaa pembeni yake. Kile kikubwa ndicho kilichozoeleka miaka nenda miaka rudi kwa kila flashi ya kila kampuni: shata, lile pazia la ndani ya kamera, ikifunguka, kamera inaunganisha kidoti hicho na reli, flashi inawaka. Hakuna mazungumzo mengine. Canon walipotoa 250D mwaka 2019 walikiondoa. Kamera yako imebaki na vile vidogo tu, ambavyo kamera na flashi za Canon huvitumia kuulizana na kujibizana. Canon 4000D nayo iko hivyohivyo, na zote mbili ziko mikononi mwa vijana wengi wanaoanza kazi hii. Sasa geuza flashi yako uchungulie chini ya mguu wake. Ukikuta kidoti kimoja tu, kesi imekwisha: inasubiri ishara mahali ambapo kamera yako haina mdomo. Usiitupe wala usiiuze kwa hasira. Nitairudia mwishoni.

Kwa hiyo sharti la kwanza halina mjadala. Flashi yako mpya iwe ya TTL, yaani kamera yenyewe inaipimia nguvu, na iwe imetengenezwa kwa Canon. Kampuni zisizo Canon huweka herufi mwishoni mwa jina: kwa Godox, C ni Canon, N ni Nikon, S ni Sony, F ni Fujifilm, O ni Olympus na Panasonic. Nimeona mtu akibeba S kwa ajili ya Canon kwa sababu sanduku lilifanana, akalijua hilo akiwa Same, basi limeshaondoka. Na hata ukiwa na herufi sahihi, nenda dukani na kamera yako yenyewe, siyo ya rafiki. Baadhi ya flashi na triga (vifaa vya kuwashia flashi kwa mbali) zisizo za Canon zilihitaji kuwekewa programu mpya ndani yake ndipo zikaelewana na kamera hizi zisizo na kidoti cha katikati. Ichomeke palepale kaunta, piga picha kumi, geuza kichwa huku na kule, ndipo utoe hela. Muuzaji atakayekataa hilo muage kwa heri.

Haya, tuje kwenye "ndogo haina nguvu".

Nguvu ya flashi huandikwa kwa namba, na wauzaji huitaja kwa majigambo kama madalali wa magari wanavyotaja ukubwa wa injini. Maana yake si ngumu. Gawanya namba hiyo kwa umbali wa mtu kwa mita, unapata f ya kutumia, yaani ukubwa wa tundu la lenzi (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), ukiwa ISO 100. ISO ni wepesi wa kamera kuuona mwanga. Flashi ya namba 36, mtu yuko mita 9, unatumia f/4. Ukipandisha ISO hadi 400 namba inakuwa mara mbili. ISO 1600, mara nne. Ila soma yale maandishi madogo chini yake. Godox TT685, flashi kubwa ambayo wengi wanaipenda, ina namba 60, lakini imepimwa kichwa kikiwa kimevutwa hadi 200 mm, yaani mwanga umebanwa mwembamba kama wa tochi ya mlinzi. Mdogo wake TT350 ana 36 iliyopimwa kwenye 105 mm. Kulinganisha namba hizo mbili ni kama kupima kimo cha ndugu wawili, mmoja amevaa viatu vya visigino na mwingine yuko peku. Kubwa bado ni kubwa, sikatai, ila pengo si lile unalouziwa.

Isitoshe, ukumbini hutapiga mwanga uso kwa uso. Utaudundisha darini. Kwa hiyo tupige hesabu ya kazi yenyewe. Tuseme umefungua kichwa cha flashi ndogo kwa upana wa kawaida na namba imeshuka hadi 20. Ukumbi wa parokia, dari nyeupe, mita 3 kutoka sakafuni. Bibi harusi yuko mita 3 mbele yako. Mwanga unapanda darini na kushuka kwake, safari ya kama mita nne na nusu. Ukiwa ISO 800, ile 20 inakuwa kama 56. Gawanya kwa 4.5, unapata f/12 na ushee. Dari nalo hunywa mwanga. Toa hatua mbili nzima, kila hatua ikiwa ni kupoteza nusu ya mwanga, unabaki na f/6.3. Wewe unapiga kwa f/4. Maana yake kiflashi hicho cha betri mbili kimetumia chini ya nusu ya nguvu yake, na kitakuwa tayari tena kabla bwana harusi hajamaliza kucheka.

Dari likipanda hadi mita 6, safari inakuwa ndefu maradufu na hesabu inaanguka karibu f/3. Hapo ndogo inatoa nguvu zake zote, labda upandishe ISO hadi 1600. Kamera yako inaimudu ISO hiyo, wala usiiogope. Picha yenye chenga kidogo na uso unaoonekana mteja anailipia, picha safi yenye uso mweusi tii anairudisha. Dari la mita 8 au 10, au ukumbi ulioezekwa makuti, au lile turubai lenye mapambo ya kitambaa cha zambarau, hapo hata hiyo kubwa ya dukani haikusaidii kitu. Makuti yanakunywa mwanga na kukurudishia rangi ya chai. Kitambaa cha zambarau kinawafanya wageni wote waonekane wamekabwa koo. Tatizo la pale ni mahali pa kudundishia, na nguvu hainunui dari.

Ndiyo maana nakwambia tazama shingo.

Flashi inayofaa kwa kazi yako ni ile ambayo kichwa chake kinainuka juu na pia kinazunguka kushoto, kulia na nyuma. Mambo mawili, siyo moja. Nyingi kati ya ndogo zinainuka tu. Ukiwa umeshika kamera kwa ulalo, zinatosha. Siku utakapoisimamisha kamera kupiga maharusi wima, kutoka kilemba hadi pindo la gauni, ule "juu" wa flashi unageuka kuwa pembeni, na mwanga unaenda kupiga ukuta ulio mita 12, au sikio la mzee wa kamati. Na picha za wima kwenye sherehe ni karibu nusu ya kazi.

Sababu ya kudundisha ni ukubwa wa chanzo cha mwanga. Uso wa flashi ni kama kipande cha sabuni. Mwanga unaotoka kwenye kipande cha sabuni unachora kivuli kikali nyuma ya mtu ukutani, na kwenye ngozi zetu zenye mafuta na jasho la Tanga unaacha ng'aro nyeupe pajini na puani ambayo hata programu ya kusafishia picha haiifuti vizuri. Ukiupeleka darini, chanzo kinakuwa kile kipande cha dari kilichoangaziwa, ukubwa wa godoro la futi sita. Ng'aro inatandazika, weusi wa ngozi unapata umbo na rangi yake, mashavu yanaonekana mashavu. Kwa ngozi nyeusi, tofauti kati ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya kamera yako na ya milioni sita.

Usidundishe mbele yako, maana mwanga unawashukia kutoka utosini na macho yanakuwa mashimo. Elekeza kichwa juu kwa kurudi nyuma kidogo, au juu kwa pembeni, kama vile unataka kuangaza kitu kilicho nyuma ya bega lako. Nyumba nyingi za zamani za pwani, Ngamiani kwako au Mji Mkongwe kule Unguja, zina dari la boriti nyeusi ambalo halifai kitu, lakini kuta zake zimepakwa chokaa nyeupe. Geuza kichwa kwenye ukuta. Mwanga unaingia kama unatoka dirishani, na hakuna atakayejua umetumia flashi. Angalia tu rangi: zile kuta za nusu kijani ya mafuta chini na nusu nyeupe juu, lenga nusu ya juu.

Sasa majina, kwa sababu najua ulikuwa unayasubiri.

Canon 270EX II inaingia hata mfuko wa shati, namba 27, betri mbili, ni tulivu na ya kuaminika. Shingo yake inainuka tu, haizunguki. Kwa safari peke yake ningekubali, kwa sherehe hapana. Wanaotumia Nikon na Sony wajue kwamba SB-300 na HVL-F28RM nazo zina kasoro hiyohiyo. Canon Speedlite EL-100 ndiyo ndogo ya Canon yenye shingo kamili, inainuka na kuzunguka, namba 26, betri mbili za AA. Haina redio ya kuwasiliana na flashi nyingine, ila kwenye 250D inakaa bila maswali.

Nissin i40 naipenda kwa umbo lake. Ni fupi, nene, ina vifundo viwili vya kuzungusha nyuma badala ya menyu, namba 40, kichwa kinazunguka digrii 180 kila upande. Inakula betri nne. Ukiikuta imetumika na iko katika hali nzuri, usiiache kirahisi.

Kwa mfuko wa mtu anayeanza, jibu langu ni Godox TT350C. Namba 36, gramu 200 kabla ya betri, betri mbili za AA, shingo inainuka na kuzunguka, na ndani yake kuna redio ya kuwasiliana na flashi nyingine za Godox, ikiwa bwana au mtumwa. Kaka yake V350C anafanana naye karibu kwa kila kitu isipokuwa betri: anatumia moja ya lithiamu inayochajiwa, inayotoa kama milipuko 500 ya nguvu kamili, wakati TT350 inatoa karibu 210 kwa betri nzuri za kuchaji. V350 ina bei zaidi. Kama kazi zako nyingi ni harusi, ongeza hela uchukue V350. Kama wiki mbili kati ya nne uko Lushoto na wageni, TT350, kwa sababu betri za AA utazikuta hata kwenye duka la kijiji pale Mtae, lakini betri ya V350 ikifa huko hakuna wa kukuuzia.

Hapo kwenye betri nikae kidogo, maana ndipo wengi tunapoaibika. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilikuwa kwenye sendoff moja Morogoro na flashi nzuri niliyoazima, nimejaza betri za kawaida za dukani, zile za kutupa. Saa mbili za kwanza, safi. Ndafu ikaingia. MC akapandisha sauti, akina mama wakaanza kucheza, mimi nikapiga moja, halafu nikasikia flashi inalia fyuuu kama mbu, taa ya utayari imezima. Sekunde ya tatu, ya tano, ya nane. Ndafu imefika mezani, imeshaanza kukatwa, mimi bado nasubiri. Picha ya ndafu kuingia sina mpaka leo, na mama mwenye shughuli ananikumbusha kila tukionana.

Betri za kutupa zina volti 1.5 na za kuchaji za nikeli zina 1.2, kwa hiyo mtu anadhani za kutupa zina nguvu zaidi. Kwa saa ya ukutani, labda. Flashi inataka mkondo mkubwa wa haraka kujaza kapasita yake, na betri za kutupa zina ukinzani mkubwa ndani unaoziba njia, tena unaongezeka kadiri zinavyochoka. Za kuchaji zinaachia kwa wepesi. Tafuta za aina inayotunza chaji, kama Eneloop, iliyoanzishwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa iko chini ya Panasonic. Ukizichaji leo ukazisahau mwezi mzima bado zina kazi. Ukiona AA ya kuchaji imeandikwa 4000 mAh, hilo ni tangazo tu, hakuna kitu kama hicho ndani. Nunua nane: mbili kazini, mbili mfukoni, nne begi kubwa. Mbili zikae pamoja siku zote, zichajiwe pamoja, usichanganye nzima na zilizochoka. Na wewe uko kando ya bahari, usiache betri ndani ya flashi ukimaliza kazi. Hewa ya chumvi na betri inayovuja ni ndoa mbaya. Vidoti vikianza kuweka ukungu wa kijani, visugue taratibu kwa ufutio wa penseli.

Betri za lithiamu za akiba, ukipanda ndege, zinakaa kwenye begi la mkononi, siyo lile la kupakia, na ncha zake zizibwe kwa utepe wa gundi. Mpaka wa kawaida bila ruhusa maalumu ni Wh 100, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri. Ya V350 haifiki hata 15, kwa hiyo hakuna atakayekusumbua.

Flashi yoyote ndogo, ukiitwanga mfululizo kwa nguvu kamili, itachemka. Nyingi hujilinda, zinapunguza kasi au kusimama mpaka zipoe. Zile za bei chee kabisa hazijilindi. Nimewahi kuyeyusha plastiki ya mbele ya moja kwa kuifunika na kofia nyeupe na kutaka iangaze bustani nzima usiku. Kofia zile, kwa njia, ukiwa nje hazikusaidii. Hazifanyi chanzo kiwe kikubwa, zinatawanya mwanga kwenda angani ambako hakuna dari. Ukiwa ndani kwenye dari baya, kata karatasi ya manila nyeupe ukubwa wa kiganja, ifunge nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia noti, elekeza kichwa juu. Karatasi inarusha sehemu ya mwanga mbele na kuweka kinyota machoni. Gharama yake haifiki hata shilingi mia tano.

Mipangilio ya ukumbini usiitafutie uchawi. Weka kamera kwenye M, unakopanga kila kitu mwenyewe, shata 1/80, f/4 au namba ndogo zaidi, ISO 800 mpaka 1600, flashi iwe TTL. Shata ya polepole inaruhusu taa za mapambo na mishumaa ionekane nyuma, wakati mlipuko wa flashi, ambao hudumu kipande kidogo sana cha sekunde, unamgandisha mtu wa mbele. Ukiweka 1/200 kila wakati, wageni wataonekana wamepigwa picha ndani ya pango. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta mwisho inajifunga hadi f/5.6, na hilo ni hasara kubwa kwa flashi ndogo. Ukumbini baki nayo kati ya 18 na 30, na ukitaka karibu badilisha uweke ile 50.

TTL inadanganyika kwa nguo. Flashi hutoa kimweko kidogo cha kupima kabla ya kile kikubwa, kamera inasoma kilichorudi, kisha inaamua. Shela na kanzu zikijaa kwenye fremu, kamera inadhani pana mwanga wa kutosha, inapunguza, nyuso zinazama. Ongeza flashi kwa +2/3 au +1. Akina mama wa kitchen party wakiwa wamekaa kwa mabuibui meusi, inatokea kinyume: kamera inaona giza, inamwaga mwanga, uso unaungua. Punguza kwa kiasi hichohicho. Bwana harusi wa suti nyeusi na bibi wa gauni jeupe wakisimama pamoja, kwa kawaida wanasawazishana wenyewe, ndiyo faida ya ndoa. Na kabla ya nikaha msikitini au misa kanisani, muulize imamu au padri kama flashi inaruhusiwa. Swali hilo ukiliuliza siku moja kabla unapata jibu la upole.

Safarini mambo yanageuka. Mchana wa Pangani, jua la utosi, mgeni kavaa kofia na uso wote uko kivulini: hapo ndipo flashi ya uso kwa uso ina kazi. Kamera yako inakubaliana na flashi mpaka 1/200. Jua kali kwa ISO 100 linataka karibu f/11 kwa shata hiyo. Gawanya namba 36 kwa 11, unapata mita 3 na kidogo, na hiyo ni kichwa kikiwa kimevutwa mpaka mwisho. Kwa vitendo simama mita 2 kutoka kwa mtu, weka flashi −1, kivuli kinalegea bila kuonekana kama tangazo la sabuni. Kuna hali ya kwenda juu ya 1/200 ili ufungue lenzi na kufifisha nyuma, na TT350 inayo, lakini inakula nguvu sana. Kwa flashi ndogo usimwache mtu aende zaidi ya mita moja na nusu.

Amboni ni mahali pazuri pa kujifunzia. Yale ni mawe ya chokaa, kuta zimepauka, kwa hiyo ukigeuza shingo ukadundisha ubavuni mwa pango, mikunjo ya mwamba inatokea kwa kina. Ukipiga moja kwa moja, mwamba unakuwa bapa kama ubao, na vumbi lililo karibu na lenzi linang'aa kama mipira midogo meupe. Kwa sifa mliyonayo huko kwenu, mgeni akiiona picha hiyo atauliza ni jini gani. Ni vumbi. Popo wakiwa wametulia darini, waache. Zima flashi, ongeza ISO. Siku wageni wako wakikuchukua mpaka Bwindi, Uganda, au milima ya Virunga upande wa Rwanda, flashi haiwashwi kabisa mbele ya gorila, sokwe wale wakubwa, ni amri ya hifadhi, na askari atakusimamisha.

Limebaki lile la moja au mbili. Nunua moja, hiyo ya TTL yenye shingo, kwa sababu ya pili unayo tayari. Kagua mbele ya ile iliyokugomea, nyingi zina kijicho chekundu na hali mbili zilizoandikwa S1 na S2. Kijicho hicho kikiona flashi nyingine imewaka, nacho kinawasha yake papo hapo, bila waya wala redio na bila kuhitaji kile kidoti kilichokosekana. S1 huwaka kwa mweko wa kwanza inaouona, ambao kwa TTL ni kile kimweko cha kupima, kwa hiyo itawahi kabla ya picha. S2 inauruka wa kwanza na kuwaka na wa pili. Iweke S2, nguvu 1/8, iegeshe juu ya kabati au spika nyuma ya meza kuu, kijicho kikitazama upande wako na kichwa kikiwa kimelenga migongo ya maharusi kwa pembeni. Utapata ukingo wa mwanga begani unaowatenga na mapambo. Akiwepo mpiga picha mwingine mwenye flashi, yako itawaka na ya kwake pia na kumaliza betri mapema, basi izime mpaka keki. Nje juani haitaona kitu.